Sukari ya Mama Mjamzito Isipimwe Peke Yake

Mwananchi wa Visiwani afikapo Dodoma, awe mbunge au mfanyabiashara, hukuta sinia tofauti na la kwao. Badala ya wali na samaki, yupo ugali wa uwele au mtama, mlenda uliotiwa karanga, na maziwa ya mgando. Chakula hicho ndicho kilichowalea Wagogo katika nchi ya mvua chache. Lakini mijini, huko kama huku kwetu, sembe nyeupe, mkate, soda na chai ya sukari nyingi vimekwisha kushika nafasi kubwa.

Anayestahili kufikiriwa kwanza ni mama mjamzito. Mimba inapokua, homoni zake hupunguza nguvu ya insulini. Mwili usipoweza kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda katika damu. Mara nyingi mama hahisi lolote. Kumbe mtoto huweza kunenepa kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na mama akabaki katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele.

Tatizo halimaliziki kwa kumwambia mama aache sukari na apunguze wanga. Asiyeelezwa ale nini mahali pake hupunguza chakula chote, akapoteza pia madini ya chuma, foleti na zinki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 42 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Kumwepusha mama na sukari kwa kumtia katika upungufu huo si tiba.

Chakula kinachofaa hakiko mbali. Zipo nafaka zisizokobolewa, kunde, choroko, mchicha, mlenda, dagaa na samaki. Ubuyu au ndimu pamoja na mlo husaidia mwili kupokea chuma. Chai na ingoje, kwani huzuia. Uwele nao ni wanga, hivyo kiasi kiangaliwe. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki visiachwe.

Afya si jambo la Muungano. Bara ina wizara yake na Zanzibar ina yake. Hata hivyo wajibu ni mmoja. Tunawaomba wakuu wa pande zote mbili wahakikishe kwamba kipimo cha damu baada ya kunywa glukosi, baina ya wiki ya 24 na 28, kinafika hata kliniki za vijijini, kwani mkojo peke yake hautoshi. Siku hiyo hiyo wingi wa damu nao upimwe. Baada ya kujifungua, mama aitwe tena apimwe.

Na ushauri utolewao utaje vyakula vilivyomo sokoni na bei ambayo mwananchi anaimudu. Mama wa Kongwa na mama wa Micheweni hawatapona kwa orodha ya vyakula wasivyopata kuviona.