Kalipa Haitaki Petroli

Mafundi wengi wa pikipiki kando ya barabara wana dawa moja kwa breki ya diski iliyoganda: kalipa, kifaa kinachobana diski, inafunguliwa, inasuguliwa kwa petroli, sili zilezile zinarudishwa, na dereva anaondoka akisifu. Haupiti muda, gurudumu la mbele linakuwa zito tena na diski inaunguza kidole. Si kwamba fundi huyo ni mvivu. Anafanya kazi inayotaka usafi mahali ambapo lori likipita, vumbi linatua ndani ya kila kilichofunguliwa. Kazi hii inafaa zaidi nyumbani, kwenye meza iliyotandikwa gazeti, mikononi mwa mtu asiye na foleni ya wateja.

Siri ya kalipa ni sili, mpira unaoizunguka pistoni. Dereva akibana breki, mafuta yanaisukuma pistoni na mpira unajipinda nayo. Akiachia, mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana. Hakuna springi. Mpira huo kwa kawaida ni EPDM, unaopatana na mafuta ya breki lakini huvimba ukikutana na petroli, oili ya injini au grisi ya kawaida. Sili iliyovimba hairudishi kitu. Pedi zinabaki zikisugua diski, joto linapanda, na hapo ndipo mafuta ya breki yaliyozeeka yanapoumbuka: DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Dereva anabana hadi mwisho, pikipiki haisimami.

Anayefungua nyumbani aitoe pistoni kabla ya kulegeza bomba la mafuta, kwa kubana breki polepole mpaka ijitokeze. Akisahau, ataishia kuivuta kwa koleo na kuikwaruza. Kisha achungulie mahali ambapo wengi hawachungulii: mfereji wa sili. Aluminiamu hufanya ukoko mweupe nyuma ya mpira, ukoko huo huisukuma sili iibane pistoni, na kusugua kalipa kwa nje hakuufikii. Kijiti cha mwanzi huukwangua bila kuumiza chuma. Cha kuoshea ni spiriti au mafuta mapya ya breki. Pistoni yenye vishimo vya kutu itupwe. Msasa hauzibi shimo.

Sili mpya ni lazima, na wosha mpya za shaba za bomba la mafuta pia. Aliyezikosa dukani asifungue chochote. Bora anunue kalipa nzima kuliko kurudisha mpira uliochoka.

Kalipa ikisharudi mahali pake, kutoa upepo kwenye mafuta ya breki ni kazi ya spana ndogo, kipande cha mrija wa plastiki na subira. Mafuta yakidondokea tangi yaoshwe kwa maji papo hapo, maana yanakula rangi. Pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) iende kwa fundi mwenye vifaa vyake. Na kabla ya kutoka getini, breki ibanwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu mbano wa kwanza baada ya kufunga kalipa huwa mtupu.