Mto Mmoja, Bili Mbili

Kila mwanzo wa mwaka bahasha ya bodi ya maji huingia kwenye visanduku vyetu vya barua hapa Uholanzi, na kila mwaka hakosi mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp atakayeuliza: "Jamani, hii si nililipa mwezi jana?" Hukulipa. Ile ya mwezi jana ilikuwa ya maji ya bomba. Hii ni ya waterschap, bodi ya eneo inayotunza kingo za mito, kupima kina cha mifereji na kusafisha majitaka. Anayeishi peke yake huhesabiwa kuwa anachafua maji kipimo kimoja. Nyumba ya watu wawili au zaidi huhesabiwa vipimo vitatu, muwe wawili au muwe tisa. Familia zetu zilivyo na watoto, hapo kwa mara moja hesabu ya Wazungu imetupendelea.

Bili ya pili haiji kwa bahasha. Ukimnunulia mama tokeni za umeme kule Garissa, ujumbe wa simu huorodhesha makato, na katikati yake kuna herufi tatu: WRA. Hiyo ni tozo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Umeme unaofuliwa kwa nguvu za maji hulipia maji hayo, na gharama hiyo humshukia mtumiaji. Mimi mwenyewe niliiona siku nilipokuwa natafuta kwa nini shilingi mia tano zimezaa yuniti chache vile.

Maji yenyewe ni ya mto Tana. Kindaruma ilianza kazi 1968, kisha zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mto unazungusha mitambo ya mabwawa yote matano kabla haujafika kwetu Garissa. Garissa yenyewe ilikaa miaka mingi ikiwashiwa taa kwa jenereta za dizeli, na iliingizwa kwenye gridi ya taifa katika miaka ya 2010 tu. Kwa hiyo mama yangu analipia kazi ambayo mto wake umefanya huko juu. Halafu mto huohuo unamfikia mlangoni bila bili. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Nairobi pale Mororo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mvua za 2024 zilipokuja hali ikawa ileile, na mwezi Aprili mashua moja ikazama na roho za watu zikapotea.

Simsingizii mtu. Mvua ya El Niño haikutoka Masinga, na kuna miaka ambayo mabwawa hayo yametupunguzia mafuriko. Lakini bwawa likijaa, yaliyozidi hayana pa kwenda ila kwetu. Na mwaka wa mvua ya wastani, yale mafuriko madogo yaliyokuwa yakijaza mabonde ya kando ya mto, ambako wazee walipanda mahindi na kunde maji yalipokauka, hayaji kama zamani. Tumenyimwa gharika ndogo yenye neema, tukabakiziwa kubwa. Hasara hiyo haimo katika ujumbe wa tokeni wala katika hesabu za kampuni yoyote.

Nayasema haya kwa sababu kwenye mikutano yetu kuna hotuba moja imezoeleka. Mtu husimama na kusema kuwa Ulaya maji yana mpangilio kwa sababu kila mtu analipa, na kwamba nyumbani wakianza kulipa bei kamili mambo yatanyooka. Hotuba hiyo ina mashiko kidogo. Sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kweli inazitaka nchi zizingatie kanuni ya kufidia gharama za huduma za maji, pamoja na gharama za kuharibu mazingira, na ziliambiwa ziwe na bei za kuwafanya watu watumie maji kwa uangalifu kufikia 2010. Ila anayedhani watu wa Garissa hawalipi hajawahi kusubiri mkokoteni wa punda. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 20. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50, yaani shilingi 1,000, na hayo ni maji ya mtoni yasiyochujwa. Watu wa Wajir wanaochota kwenye visima vifupi vya chumvichumvi, na wa Lagdera waliongojea lori wakati wa ukame wa misimu mitano mfululizo ulioishia 2023, nao wanalipa, na wengine wamelipa kwa ng'ombe. Bei kubwa tunayo tayari. Tusichokuwa nacho ni kiti kwenye meza ya maamuzi.

Uholanzi nayo iko chini ya mto, kama sisi. Rhine inatoka Uswisi, inapita Ufaransa na Ujerumani, ndipo inafika hapa na kila ilichobebeshwa njiani. Katika miaka ya 1970 migodi ya potashi ya Alsace, Ufaransa, ilikuwa inamwaga chumvi mtoni kwa wingi. Mwenye vitalu vya mimea wa huku, ambaye miche yake ilikuwa inaungua kwa maji ya chumvi, akawashitaki wenye migodi. Wakamwambia aende mahakama za Ufaransa. Novemba 1976 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa anaweza kushitaki pale madhara yalipotokea, yaani kwao. Mtu wa chini ya mto aliwaita wa juu waje kujibu kwenye mahakama ya kwake. Hiyo ndiyo sehemu ya sera ya mazingira ya Ulaya ambayo ningependa tuibebe kwenye mabegi tunapokwenda likizo, kuliko habari za bei.

Wala tusiwape wenyeji wetu sifa kupita kiasi. Siku tatu baada ya hukumu hiyo nchi za Rhine zilitia saini mkataba wa kupunguza chumvi, na aliyebebeshwa sehemu kubwa zaidi ya gharama, asilimia 34, alikuwa Uholanzi, mwathirika. Ufaransa ililipa 30. Na mwaka 2014, Tume ya Ulaya ilipodai kwamba Ujerumani ilikosea kuyaacha mabwawa ya umeme nje ya huduma zinazopaswa kufidia gharama, mahakama iliikatalia. Hata huku, basi, mwenye bwawa si rahisi kumtoza. Lakini Uholanzi ilipolipa, ililipa ikiwa mezani, ikijua inalipia nini.

Kwetu meza ipo, ila ni fupi. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa 2015: wanaotegemea maji ya Nairobi wanawasaidia wakulima wa milimani kulima kwa matuta na kupanda miti, ili tope lisiingie mabwawani. Wazo zuri, na nawapongeza. Ila ramani ya ukarimu huo inaishia pale mahitaji ya Nairobi yanapoishia. Kisha likaja handaki la kilomita 11.8 la Murang'a la kupeleka maji ya vijito vya Tana kwenye bwawa la Ndakaini, linaloinywesha Nairobi. Viongozi wa Garissa walipiga kelele, serikali ikajibu kuwa yanachukuliwa maji ya mafuriko tu. Huenda. Kwa wafugaji wa Tana, hata hivyo, hakuna kitu kinachoitwa maji ya mafuriko "tu".

Na sisi? Mwaka 2022 tulichanga, tukalipa malori ya maji, tukatumiwa picha za mitungi imepangwa foleni, tukalia, tukachanga tena. Sijutii hata senti moja. Lakini lori likishaondoka hakuna kilichobadilika kwenye mto, na michango yetu imekuwa ruzuku ya hesabu ambayo mtu mwingine hajaifunga.

Kwa hiyo kamati yetu imeandika barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nakala kwa Kaunti ya Garissa. Ina swali moja: katika tozo ya maji inayokatwa kwenye umeme, ni kiasi gani kimetumika chini ya Kiambere katika miaka mitano iliyopita, na kwa kazi gani? Huenda jibu likawa zuri kuliko tunavyodhani. Tutalichapisha hapa vyovyote litakavyokuwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, lakini haki hiyo ni ya raia wa Kenya. Barua itakuwa mezani kando ya birika la chai kwenye mkutano ujao, ikingoja saini za raia hao. Njooni na vitambulisho, na mwenye ujumbe wa zamani wa tokeni asiufute. Waliokwisha kuuacha uraia wa Kenya kwa pasipoti nyekundu ya Uholanzi tunawapenda vilevile, ila siku hiyo wamlete ndugu ambaye bado ana ile ya Kenya.