Haki Isiishie Kizingitini



Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tuliamini kwamba vyama vingi vingempa mnyonge sauti. Leo twauliza: je, sauti hiyo imemfikia mpangaji mwenye ulemavu hapa Lubao?

Vyumba vingi vya kupanga vina mlango mwembamba, kizingiti kirefu na choo cha shimo nyuma ya ploti. Mwenye kiti cha magurudumu hubebwa kama gunia. Akitaka njia ya mteremko, huigharimia mwenyewe. Akihama, saruji yake humbakia mwenye nyumba.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofikika. Mfuko wa Kitaifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu husaidia kwa viti na karo. Lakini kiti kisichovuka kizingiti chamfaa nani?

Tangu 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ili nyumba mpya zijengwe. Twadai fungu dogo la fedha hizo litengewe milango mipana, vishikio na vyoo vifaavyo katika nyumba za kupanga. Na mwenye nyumba atakayenufaika asiruhusiwe kupandisha kodi wala kumfukuza mpangaji huyo.

Siku ya kura, wagombea hutuma gari kumchukua mwenye ulemavu. Tuwaulize mapema: akirudishwa, ataingiaje kwake?