Njia Kwanza, Kebo Baadaye

Tangu mwaka 2019, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba inalipima wazo la kujenga gari la kebo katika Mlima Kilimanjaro, mjadala wa jambo hilo umekuwa ukizimika na kuwaka tena, na kila unapowaka, wenye kulitaka na wenye kulikataa hukimbilia ushahidi mahali pamoja, nako ni milima ya Alpi. Wale husema: tazameni Uswisi, nchi iliyotandaza nyaya juu ya mabonde yake ikaneemeka kwa wageni, na hawa hujibu: tazameni Uswisi hiyo hiyo, jinsi ilivyogeuza majabali yake kuwa soko. Mimi naona pande zote mbili zimetazama juu zikaziona nyaya, wala hazikuangalia chini zikaiona njia. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuitetea kwa insafu, ni kwamba fadhila ya milima ile kwa mtu wa kawaida haikutokana na chuma kipaacho angani, bali na njia ya miguu iliyochongwa, ikatunzwa, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria, ambayo gari la kebo ni mtumishi wake na si bwana wake.

Yafaa kwanza kueleza likizo ya kutembea milimani huwaje, maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mlima una mambo mawili tu, ama kupandwa mpaka kileleni kwa mashaka makubwa, ama kutazamwa kwa mbali kupitia dirisha la basi. Katika kijiji cha Grindelwald, jimbo la Bern, chini ya ukuta wa kaskazini wa Eiger, aghalabu msafiri hakusudii kushinda kilele chochote. Asubuhi huitazama anga, akanunua tiketi ya kwenda bila ya kurudi, akaketi ndani ya kijumba cha vioo kinachompandisha mpaka Männlichen, penye kimo cha zaidi ya mita 2,200, na pale wengine wanapodhani safari imekwisha ndipo yake inapoanza. Kutoka hapo njia pana isiyo na mteremko mkali humchukua kwa mwendo wa saa moja na nusu mpaka Kleine Scheidegg, na muda wote huo Eiger, Mönch na Jungfrau zimemsimamia mbele ya uso, hiyo ya tatu ikiwa na mita 4,158. Ajuza mwenye mkongojo, baba aliyebeba mtoto mgongoni, na kijana ambaye damu inamchemka huikanyaga njia moja, kila mtu kwa kadiri ya pumzi zake.

Kesho yake msafiri huyo atapanda kebo ya First, atembee takriban saa moja mpaka ziwa la Bachalpsee, kisha arejee kwa njia nyingine kupitia malisho ya ng'ombe waliofungwa kengele shingoni. Siku ifuatayo atashukia kituo cha Eigergletscher na kupita chini kabisa ya ukuta wa Eiger mpaka Alpiglen, mwendo wa kilomita sita za kuteremka, ambao mapafu huushukuru na magoti huulalamikia. Ndiyo sababu wazoefu wengi hufanya kinyume chake: hupanda kwa miguu asubuhi na kushuka kwa kebo alasiri ili kuyahurumia magoti, ila hawaachi kuitazama saa, kwa kuwa gari la mwisho likishaondoka halimrudii aliyechelewa kwa kupiga picha, na upepo ukizidi nguvu hata gari la kwanza husimamishwa. Kebo basi humwondolea mtu sehemu ile ya safari iliyo ngumu kuliko zote, ikamwachia sehemu iliyo tamu. Na kwa mzee, kwa mgonjwa wa moyo na kwa kilema, huo si uvivu, bali ni mlango ambao bila ya chuma hicho ungebaki umefungwa aushi. Hoja hii ina uzito, na mpinzani wa kebo asiyeikubali hatendi haki.

Lakini nyaya hizo hazikutandazwa bila ya ugomvi. Mwaka 1908, hapo hapo Grindelwald, kilifunguliwa chombo cha kupandisha watu kwenye Wetterhorn, cha kwanza cha namna yake katika Uswisi, nacho kilikusudiwa kuendelea kwa hatua kadhaa kuelekea juu. Hatua moja tu ndiyo iliyojengwa, vita vya 1914 vikawafukuza wageni, chombo kikafungwa na wala hakikufufuliwa. Mwaka 1912 reli iliyotobolewa ndani ya mwamba wa Eiger na wa Mönch ilifika Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya bahari, baada ya miaka 16 ya kuchimba, na Adolf Guyer-Zeller aliyeibuni alikwisha kufariki tangu 1899 bila ya kuiona tamati yake. Wakati kazi hiyo inaendelea, walitokea wengine walioomba ruhusa ya kujenga reli mpaka kilele cha Matterhorn. Hapo wananchi wakasimama, na mwaka 1907 wakakusanya saini karibu 70,000 za kupinga, na reli hiyo haijajengwa mpaka leo. Taifa lile lile, katika zama zile zile, liliukubalia mlima mmoja na kuukatalia mwingine. Anayeitaja Uswisi kuwa shahidi wa kebo, na anayeitaja kuwa shahidi dhidi ya kebo, wote wawili wamechukua nusu ya ushahidi. Ushahidi kamili ni kwamba watu wale walijadiliana juu ya mlima mmoja mmoja, wakajua pa kusema haya na pa kusema hapana.

Ama njia, hiyo ndiyo hazina ambayo sisi hatuitaji. Nchi ile, ambayo kwa ukubwa haifiki hata mkoa wetu wa Tabora, ina njia za miguu zilizowekewa alama zenye urefu wa takriban kilomita 65,000. Chanzo chake kilikuwa kidogo: katika miaka ya 1930 magari yalipoanza kuwatimulia vumbi waendao kwa miguu katika barabara za milimani, mwalimu mmoja aitwaye Johann Jakob Ess alishika shauri la kuwapa watembeao njia zao wenyewe, mbali na magari, na mwaka 1934 chama cha kuzisimamia kikaundwa. Tangu hapo kibao cha manjano kimekuwa kikisimama katika kila njia panda, nacho hakitaji kilomita bali hutaja muda, uliokadiriwa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa mahali palipo tambarare, bila ya kuhesabu mapumziko. Alama ya manjano peke yake yaonyesha njia ya kila mtu. Nyeupe, nyekundu na nyeupe yaonyesha njia ya mlimani inayotaka mguu thabiti na kichwa kisichopatwa na kizunguzungu. Nyeupe, buluu na nyeupe ni ya wale wajuao kutumia mikono, na pengine kamba. Kwa rangi hizo chache mgeni asiyejua lugha ya pale huweza kuipima nafsi yake kabla ya kujitia hatarini.

La ajabu zaidi lilitokea mwaka 1979, wakati wananchi wa Uswisi walipoitwa kupiga kura, si juu ya kodi wala jeshi, bali juu ya njia za miguu, na zaidi ya robo tatu ya wapiga kura wakakubali ziingizwe katika katiba. Sheria iliyofuata ya mwaka 1985 iliyawajibisha majimbo kuzipanga njia hizo, kuzitunza, kuhakikisha kwamba zapitika bila ya kizuizi, na ikiwa barabara au jengo litaikata njia, badala yake ipatikane. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lote. Kampuni ya kebo huuza tiketi, na tiketi zake ni ghali hata kwa wenyeji. Lakini njia haiuzwi. Asiye na nauli ya kebo aweza kuamka mapema na kuufikia uwanda ule ule kwa miguu yake, akala mkate wake mbele ya jabali lile lile, wala hakuna wa kumuuliza.

Nawaza pia habari ya fedha, maana bila ya fedha mjadala huu usingekuwapo. Jungfraujoch hupokea zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na tangu Desemba 2020 kebo mpya hupandisha abiria kutoka Grindelwald mpaka Eigergletscher kwa dakika 15, ambako hupanda treni ya kwenda juu. Wengi wao huja asubuhi, wakapiga picha, wakanunua chokoleti, wakawa wameondoka bondeni kabla ya magharibi. Mtembezi ni mtu wa tabia nyingine: yeye hulala siku nyingi, hula kwa mwenye nyumba ya wageni, hununua jibini kwa mfugaji ambaye malisho yake aliyapitia, na mvua ikinyesha hungoja. Mgeni wa haraka huiacha fedha yake kwa mwenye mashine. Mgeni wa miguu huitawanya kijijini. Mwenye kukadiria faida ya kebo kwa hesabu ya vichwa vilivyopanda amehesabu kitu kilicho chepesi kuhesabika, akaiacha hesabu yenye maana.

Sasa turejee Kilimanjaro kwa mizani hiyo. Mlima wetu una mita 5,895, na kileleni pake hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Mwili hauwezi kuizoea hali hiyo kwa kupandishwa upesi, na ndiyo maana waongozaji huhimiza mwendo wa taratibu, na wapandao kwa njia ya Marangu hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, kabla ya kuujaribu usiku wa mwisho. Hata kebo ikiishia katika nyanda zilizo mbali na kilele, haiwezi kuzifuta siku hizo, ila itamfaa atakaye kutazama kwa saa chache na kushuka. Fauka ya hayo, maelfu ya wapagazi, waongozaji na wapishi hupata riziki yao katika siku hizo za taratibu, na kila siku inayopunguzwa imetolewa katika ujira wao. Uswisi ilipojenga kebo zake ilikuwa tayari na watembezi na njia za kuwatembeza. Kebo ikija mahali pasipo na njia, haitamtumikia mtembezi, itamfuta.

Na njia hatuna, au tuseme tunazo ila hatujazitambua. Katika miteremko ya Uchagani, chini ya mpaka wa hifadhi, zimo njia za kale zinazofuata mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachaga, na kupita kati ya vihamba vya migomba na kahawa. Usambara, kuanzia Lushoto mpaka Mtae, zimo njia ambazo wakulima huzipita kila siku ya soko. Uluguru zimo, na Taita kule Kenya zimo. Hazina vibao, hazina ramani ya bei nafuu, hazina sheria inayomzuia mtu kuzijengea ukuta. Mwalimu wa Moshi au wa Korogwe anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake matembezini kutwa moja hana pa kuanzia isipokuwa ajuane na mwenyeji, ilhali kuziwekea njia hizo mbao, rangi na wasimamizi wa vijiji kungegharimu sehemu ndogo mno ya thamani ya nguzo za chuma.

Kwa hiyo nashauri utaratibu, nao si mgumu. Halmashauri za wilaya za milimani ziorodheshe njia za miguu zilizopo na kuziwekea vibao vya Kiswahili vyenye kutaja muda. Bunge lizitungie sheria ili isiwepo njia ya umma itakayozibwa bila ya kupatikana nyingine badala yake. Vijiji vipewe sehemu ya mapato ya kuzitunza. Hayo yakisha kutendeka, na mwananchi akisha kuuzoea mlima wake kwa nyayo zake, na liletwe tena shauri la kebo, tulipime mlima kwa mlima kama wenzetu walivyolipima, tukiwa na haki ya kukubali na ujasiri wa kukataa. Anayetaka tuanze na nyaya ametuletea kutoka Uswisi kitu kinachonunulika, akakiacha kule kile ambacho Waswisi wenyewe walikiona kinastahili kuandikwa katika katiba.