Kanuni za Siku ya Kura

Wako watu wasemao ya kuwa kupiga kura ni kazi ndogo: mtu huingia, hutia alama, hutoka. Maneno hayo si kweli. Kura ni haki, na haki isiyolindwa kwa kanuni hupotea mchana, mwenyewe akitazama.

Zamani haki hii ilikuwa ya wachache. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, hakupiga kura ila mtu mwenye pato la pauni 150 kwa mwaka, au aliyesoma hata darasa la nane, au mwenye kazi ya cheo. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Asipotimiza watatu, kura yake haikuhesabiwa. Basi wakulima na wachukuzi wengi walikaa kando, wengine wakawaamulia mambo yao. Leo muuza samaki wa Temeke na tajiri wa Masaki wana kura moja moja, wala ya huyu haizidi ya yule kwa uzito.

Usawa huo hulindwa na kanuni. Mwenye umri wa miaka 18, aliyeandikwa katika daftari, huenda kituoni kwake tangu saa moja asubuhi hata saa kumi jioni. Saa kumi ikimkuta katika mstari, hafukuzwi, bali hupiga kura. Kituoni hapana kampeni wala nguo za chama. Hutia alama peke yake, mahali pa siri, ili mwajiri au jirani asipate kumtisha. Asiyeweza kusoma humchagua mtu wa kumsaidia. Mawakala wa vyama huketi humo wakitazama, na kura zikiisha kuhesabiwa, matokeo hubandikwa nje, kila apitaye ayasome.

Lakini kanuni hazimfungi mpiga kura peke yake. Humfunga msimamizi pia, na chama, na askari. Kinondoni ililijua jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa mbunge, wafuasi wa Chadema waliandamana kudai barua za mawakala wao, ambazo walisema hawajapewa. Polisi wakafyatua risasi ili kuwatawanya. Mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa abiria katika daladala, akapigwa risasi, akafa. Yeye hakuwamo katika maandamano.

Mtu akiuliza, "Barua ni kitu gani hata watu waigombee?" ajibiwe hivi: wakala asiye na barua hukaa nje, na aliye nje hawezi kushuhudia. Pasipo shahidi huingia shaka, na shaka huzaa hasira. Kila mmoja akipewa haki yake mapema, mbele ya watu, hasira haipati njia. Na hata ikizuka, mwenye bunduki ana wajibu mkubwa kuliko asiye nayo.

Kwa hiyo mtoto asomaye leo Mbagala au Tandale, atakapotimiza miaka 18, asiridhike na kwenda kituoni tu. Azijue kanuni, azishike yeye kwanza, kisha awadai wenye madaraka wazishike vile vile. Mpiga kura mvumilivu na msimamizi mwaminifu huhitajiana. Mmoja akikosa, kazi ya mwenziwe ni bure.