Je, Kweli Mwili Umelala?

Tunapowapima akina mama uzito kliniki, wengi waliopita miaka 35 hutuambia maneno yale yale: "Sista, mimi sili kitu, lakini nanenepa. Mwili umelala." Ukimwuliza amekula nini, asubuhi ni chai tupu, mchana hakuna, na usiku ni sahani iliyojaa. Wengine siku hizi huongeza kikombe cha majani ya kupunguza unene.

Kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu na joto huitwa metaboli. Hailali hata sisi tukilala, maana moyo, ini na ubongo havina likizo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, kasi ya kazi hiyo haibadiliki sana tangu miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na kwa wanaume. Basi mama wa miaka 42 asiulaumu umri. Kinachobadilika ni misuli na mwendo wetu. Zamani tulitwanga na kuchota maji. Leo kuna mashine ya kusaga, bomba liko uani, na bodaboda hutufikisha mlangoni. (Wala hatusemi turudi kisimani!) Misuli isiyofanya kazi hupungua, na misuli hutumia chakula kuliko mafuta, hata mtu akiwa ameketi.

Kushinda njaa hakusaidii. Mwili unaonyimwa chakula siku baada ya siku hubana matumizi kama mama aliyeachiwa fedha kidogo ya sokoni, kisha huanza kula misuli yake wenyewe. Jioni njaa imezidi, na mkono hauna kipimo.

Afadhali asubuhi upate kiazi kitamu na yai, au maharage yaliyobaki jana. Vyakula vya kujenga mwili, yaani maharage, dagaa, mayai, samaki na maziwa, hushibisha kwa muda mrefu na kulinda misuli. Tena katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 hutumika katika kuimeng'enya tu. Za wanga ni 5 hadi 10. Kwa hiyo punguza ugali kidogo, ongeza dagaa na mboga. Na sukari je? Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 50. Hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2015, linataka mtu mzima asikivuke kwa siku nzima, na hapo soda hatujaitaja.

Majani yale ya kupunguza unene mengi yana sanamaki, dawa ya kuharisha. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka. Mafuta yamebaki palepale. Ukiyatumia kwa muda mrefu yanavuruga chumvi za mwilini, na fedha ya mayai imekwisha. Maji ya ndimu hayana ubaya, lakini hayayeyushi mafuta.

Misuli yataka kazi. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Nyumbani, inuka kitini mara kumi bila kushika popote, pumzika, rudia. Mama anayenyonyesha asiwe na haraka ya kupungua: maziwa pekee humtoa karibu kalori 500 kwa siku.

Lakini yuko mama ambaye mwili wake umepunguza kasi kweli, naye ndiye anayetutia wasiwasi, kwa kuwa huambiwa ni mvivu. Huona baridi wakati wengine wanatokwa jasho, hufunga choo, ngozi hukauka, nywele hukatika, hedhi huwa nzito, na uchovu hauishi hata akilala. Huenda tezi iliyo mbele ya shingo haitoi homoni ya kutosha. Asinunue majani, aende hospitali apimwe damu. Ikithibitika, kuna kidonge cha kila siku kinachorudisha homoni hiyo, nacho husaidia sana. Tezi hiyo huhitaji madini joto, kwa hiyo nunua chumvi iliyoandikwa kuwa inayo, iweke katika chombo chenye mfuniko mbali na jua na moto wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.