Maziwa ya Manjano Siyo Dawa, Jamani!

Haya wadau, kimya kingi kina mshindo. Najua wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmenisimamisha hadi kwenye foleni ya kafeteria mnaniuliza kulikoni. Nilikuwa namuuguza rumeti wangu. Sasa amepona, anakoroma hapa pembeni wakati naandika, na amenipa ruhusa niseme kila kitu isipokuwa jina lake. Leo sitabembeleza mtu. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ilianza hivi. Nje ya geti kuna mgahawa mmoja, siutaji, unaouza glasi ya maziwa baridi ya manjano kwa shilingi 6,000. Ubaoni wameandika kwa chaki: huondoa sumu mwilini, husafisha damu, huua vijidudu, hupunguza kitambi, huponya homa. Mi na rumeti tulikunywa mara moja tu, siku bumu lilipotoka. Kusema kweli ni tamu. Nikajisemea, mjukuu wa Muheza mimi, nishindwe na viungo? Basi kila wikiendi nikawa natengeneza kwa shangazi, ana jiko na friji, narudi nayo hosteli kwenye chupa. Hapo sikukosea kitu.

Kosa lilikuja Jumatatu moja rumeti aliposhikwa na homa, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Nikamwambia twende zahanati. Akanijibu, "Shosti, foleni ya pale naijua mimi. Si una maziwa yako? Si uliniambia yanaua vijidudu?" Na kweli nilimwambia! Nilikuwa nimeyarudia maneno ya ubao kama kasuku. Nikampa glasi. Jumanne nikampa. Jumatano nikampa. Ile baridi ilikuwa inamtuliza kidogo, nasi tukaona mambo yanakwenda. Usiku wa kuamkia Alhamisi akaanza kuongea vitu visivyoeleweka, tukambeba kwenye bajaji mbio hospitali. Kipimo kikasema malaria, na imeshakuwa kali. Akalazwa, akaanzishiwa sindano. Daktari akaniuliza siku tatu zote hizo mgonjwa alikuwa anatumia nini. We acha tu. Sijawahi kuona aibu kama ile ya kutamka neno "maziwa" mbele ya daktari saa nane ya usiku.

Na mimi nasoma ualimu wa kemia na baiolojia, mwaka wa tatu!

Tangu siku ile nimekuwa nabishana na kila mtu humu hosteli, kwa hiyo ngoja niyaweke hoja zote mahali pamoja.

Wa kwanza ananiambia, "Lakini utafiti upo." Upo, ndiyo, na mimi nimeusoma. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi. Ikitumiwa peke yake, karibu haikuonekana kwenye damu. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, iliyofika kwenye damu ikaongezeka kwa asilimia 2,000. Hapo ndipo watu wanaposhangilia na kufunga kitabu. Sasa tupige hesabu. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya manjano. Glasi yangu ina gramu moja na nusu ya manjano, yaani miligramu 45 za kurkumini. Ili ufikishe gramu 2 za kwenye utafiti unywe glasi zaidi ya 40. Kwa bei ya pale getini hiyo ni zaidi ya shilingi 240,000 kwa siku! Halafu kufika kwenye damu siyo kuponya. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia mambo ya kurkumini, yenye majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, waliandika kwamba hawakuona hata jaribio moja la kulinganisha na dawa bandia, mgonjwa na daktari wote wakiwa hawajui nani kapewa nini, lililofanikiwa. Hilo ubaoni halipo.

Wa pili, huyu huwa wa sheria, anasema, "Kama siyo dawa, mbona Wamarekani walitaka kutuibia?" Anakusudia ile hataza iliyotolewa Marekani mwaka 1995 ya kutumia manjano kutibu vidonda. Wahindi waliipinga kupitia baraza lao la utafiti wa sayansi, na mwaka 1997 ikafutwa. Walishinda vizuri kabisa na mimi nawapigia makofi. Ila walishindaje? Walionyesha maandishi ya zamani kwamba jambo lile halikuwa jipya. Kesi ilihusu nani aliyejua kwanza. Haikuwahi kusema glasi ya maziwa inatibu malaria.

Wa tatu ndiye mgumu, maana anamtaja bibi. "Mababu zetu walitumia." Nikampigia bibi yangu Muheza. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, manjano twatia mchuzini, na bibi harusi twamsinga. Mtoto akiwaka homa, mimi niliwabeba mama zako mgongoni mpaka hospitali. Nani kakwambia nilikaa nikikoroga maziwa?" Sikuwa na jibu. Hata hiki kinywaji chenyewe siyo cha kwake. Ni cha India, wanakiita haldi doodh, mama anampa mtoto mwenye mafua ya moto moto kabla ya kulala. Kwenye miaka ya 2016 migahawa ya London na Marekani ikakibatiza late ya dhahabu, ndiyo kikatufikia sisi na barafu juu, na bei yake, na ubao wake.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi. Huo uongo una kazi yake. Hakuna mwanafunzi wa kutoa shilingi 6,000 kwa maziwa na viungo ambavyo mama yake anavyo jikoni. Lazima aambiwe ananunua afya. Ukiliondoa neno dawa pale ubaoni, kinabaki kinywaji kitamu cha shilingi 1,500. Basi mi nakitaka hicho hicho! Tengeneza nyumbani, unywe kwa sababu ni kitamu.

Kwa glasi mbili: nusu lita ya maziwa yenye mafuta yake, maana rangi ya manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta. Manjano kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, siyo mlima. Iliki 4 zilizopondwa, kipande cha mdalasini urefu wa kidole, karafuu 1 tu (mbili zinaleta ladha ya daktari wa meno), punje 5 za pilipili manga, tangawizi kama nusu ya kidole gumba. Viungo vyote vichemshe kwanza kwenye nusu kikombe cha maji, dakika 5 hadi 7. Usiruke hapo. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa yakiwa vuguvugu, mi yamenikatikia mara mbili nikamlaumu muuza maziwa wa watu bure. Kikichemka kinakufa. Ndipo umimine maziwa, yachemke, utie sukari kuzidi kidogo unavyopenda, kwa sababu ubaridi unapunguza utamu ulimini. Chuja, acha yapoe, weka kwenye friji saa mbili, na ukoroge kabla ya kumimina maana manjano hutuama chini.

Barafu sasa. Hapo ndipo ugonjwa wa kweli unapoweza kukaa! Watu wanasafisha damu kwa manjano halafu wanatia barafu ya maji ya bomba ambayo hayajachemshwa. Kuganda hakuui vijidudu vya tumbo kama unavyodhani. Chemsha maji ndipo ugandishe, au fanya kama mimi: gandisha sehemu ya maziwa yenyewe kwenye trei, yakiyeyuka glasi haiwi maji maji.

Manjano nunua mizizi mikavu utwange mwenyewe ukiweza. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wanayang'arisha manjano kwa rangi yenye madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Njano inayowaka sana siyo lazima iwe nzuri.

Na msije mkasema nayachukia manjano. Nilipokuwa BTP, shule yangu haikuwa na karatasi ya litimasi hata moja. Nikachovya karatasi nyeupe kwenye maji ya manjano, nikaianika, nikaleta darasani na kikombe cha maji ya majivu. Tone moja, njano ikageuka nyekundu. Darasa zima lilisimama! Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye wiki mbili hakuwahi kunyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na ndimu je?" Ukidondoshea ndimu pale penye wekundu, njano inarudi. Maajabu ya manjano ninayoweza kuyasimamia mbele ya wanafunzi ndiyo hayo.

Mwakani wengi wetu tutasimama mbele ya watoto wa watu, na watatuamini kama rumeti alivyoniamini mimi. Mwenye homa apimwe kwanza. Maziwa tutamwekea kwenye friji, atakunywa akirudi.

Nawasilisha. Kesho nina testi ya saikolojia ya elimu na sijasoma hata ukurasa. Usiku mwema.